Alama ya Kijani ya Mzee Luan

Majirani zangu wa ua wa kiwanda cha mota, mliobaki na mliohamia kwa watoto wenu, sogeeni niwaambie lililompata Mzee Luan, maana wakubwa wameshaanza kulisimulia kwa namna inayowafaa wao.

Mwaka jana, msimu wa kabichi, ua wetu ulikuwa na amani. Kabichi ndefu zilianikwa ukutani, mapipa ya kuzichachushia yakaoshwa. Mzee Luan, fundi wetu aliyepooza upande mmoja, alikuwa ameketishwa juani akitoa amri kama jenerali.

"Wewe Mu! Jiwe gani hilo la kukandamizia? Kabichi zitaelea kama bata!"

"Mzee, kumbe mdomo wako ndio haukupooza," nikamjibu. Akacheka kwa upande wake mzima.

Mwanawe, Pengfei, alikuwa amekuja kutoka Shenzhen, ambako huandika programu za simu. Kampuni inayoleta wahudumu wa wazee mtaani kwetu ilimwagiza awatengenezee moja ya zile programu ndogo, nyepesi, zinazofunguka ndani ya programu ya kuchati bila kupakuliwa. Siku hiyo alibandika mlangoni kwa baba yake karatasi yenye mraba wa madoadoa.

"Ona, Shangazi Mu. Dada Qu, mhudumu wa baba, akija anaupiga mraba huu kwa kamera. Programu inafunguka, inapima yuko wapi. Akiwa hapa, mimi kule napata alama ya kijani: baba kageuzwa, kala, kanywa dawa. Akiwa mbali, inamkatalia."

"Inapima kila akibonyeza?"

"Inapima inapofunguliwa tu, inatosha. Simu zao kuukuu, ukipimapima zinaganda. Na bosi anataka ifunguke upesi."

"Na akiifungua hapa, kisha akaondoka nayo ikiwa wazi?"

Akacheka. "Shangazi, wewe bado uko kwenye kadi za mahudhurio za kiwandani!"

Ndiyo, bado niko huko. Nakumbuka mashemeji wa msimamizi, kadi zao zikigongwa getini kila asubuhi na wenyewe wako sokoni wanauza samaki. Nilisimama mkutanini nikasema, nikahamishiwa stoo. Jirani, ukiletewa mashine ya kuthibitisha kwamba mtu yupo, uliza kwanza ni nani anayefaidi mtu huyo asipokuwapo.

Baridi ikaingia. Kampuni ikapunguza wahudumu na kuwaongezea nyumba waliobaki. Nilikutana na Dada Qu kwenye ngazi, midomo imempasuka kwa upepo.

"Umekonda, binti."

"Nitaachaje kukonda, Shangazi? Wamenipa wazee wa hapa na wa ng'ambo ya mto. Nikichelewa, programu inanisemea kwa bosi. Nikate miguu niitume kwa basi?"

Wenzake walikuwa wameshamfundisha dawa. Unapiga picha mraba wa mlangoni, unauhifadhi kwenye simu. Asubuhi, ukipita uani tu, unaufungua kutoka kwenye picha. Programu inapima, inaridhika. Halafu unaigusagusa njiani isije ikajifunga. Maadamu haijafungwa, haipimi tena. Ukiwa ng'ambo ya mto, bado inaamini uko mlangoni kwa Mzee Luan.

Siku ya kilele cha baridi, siku ambayo kwetu asiyekula maandazi ya kuchemsha yenye nyama ndani huambiwa masikio yatamganda, nilimpandishia Mzee Luan bakuli lake. Nikagonga. Kimya. Nikaita. Nikasikia kitu kama kikohozi, kisha kimya tena. Nikampigia Pengfei.

"Baba yako haitikii."

"Subiri niangalie… Ah, Shangazi, usinishtue! Dada Qu yuko kwake sasa hivi. Kijani."

"Nimegonga mpaka mkono unauma. Hayupo!"

"Atakuwa anamwogesha, hawakusikii. Hata simu hapokei, mikono ina maji."

Nikamwita fundi wa kufuli. Akafika na mkoba wake, akakataa kuugusa mlango bila ruhusa ya mwenye nyumba. Sheria ndiyo hiyo. Nikapiga ofisi ya mtaa. Kijana mmoja akaniambia kwa adabu kwamba mfumo unaonyesha mhudumu yupo. Mfumo! Mimi mwenye masikio nipo mlangoni, naambiwa na mtu aliyeketi kando ya hita kwamba sisikii vizuri.

Maandazi yakapoa, yakashikana. Simu ikalia. Pengfei, sauti imetulia.

"Nimekwambia, Shangazi. Amemaliza, ameondoka. Inaandika baba amekula vizuri."

"Pengfei, nimekaa kwenye ngazi hii tangu nilipokupigia. Mlango haujafunguka. Aliyetoka humo ni nani, panya?"

"Vunjeni," akasema. "Vunjeni, vunjeni!"

Tulimkuta amebanwa kati ya kitanda na bomba la hita, upande uliopooza ndio ulioelekea kwenye bomba. Sitaeleza ule mkono ulivyoungua. Macho yalikuwa wazi, yakanitambua. Akafa watu wa gari la wagonjwa wakiwa wanamteremsha kwenye ngazi.

Pengfei alifika, akaketi mahali palepale nilipokuwa nimeketi.

"Programu ikifunguliwa huambiwa imefunguliwaje, Shangazi," alisema. "Kwa kamera, au kwa picha iliyohifadhiwa. Taarifa hiyo ilikuwa inanifikia kila siku. Niliitupa. Na kupima kila anapobonyeza, ni mistari michache tu ya kuandika."

"Baba yako alikusubiri," nilimwambia. Sikuwa na huruma siku ile, na leo sijaipata bado.

Kampuni ilimfukuza Dada Qu, ikatangaza kwamba mfumo umeboreshwa. Qu alikosa, simsafishi. Lakini aliyempa nyumba zisizotembeleka na kumdai alama za kijani bado ana kiti chake, na nyumba hazikupunguzwa hata moja.

Mafunzo

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Siku hizi wametutengenezea njia ya mtu kutokuwapo na lake likaonekana lipo, na sisi tukashukuru kwa sababu inatuondolea safari. Enyi mnaoandika programu: mkipima kwa ajili ya uhai wa mtu, pimeni kila mara, na msitupe mnachoambiwa. Enyi wenye kampuni: kazi isiyowezekana huzaa uongo, na uongo huo ni wenu. Na enyi watoto mlio mbali: msiulize alama, ombeni sauti. Baba ashikiwe simu sikioni, aseme mwenyewe kama amekula.

Ua wetu una ngazi nyingi na wazee nyuma ya milango. Mimi nimechukua ngazi ya kwanza, nagonga kila asubuhi. Ngazi ya pili nani anaichukua?