Waya wa Chumba cha Nyuma ya Jiwe

Wana Mwanza wenzangu, ninyi mnaojenga sasa na ninyi mnaosema mnajenga ili wazee wenu wapumzike, sogeeni niwaambie habari ya nyumba moja ya Bwiru, kule juu kwenye mawe. Ukipita barabarani lazima uinue shingo kuitazama.

Jioni moja, kabla nyumba hiyo haijapigwa plasta, Mzee Shimba alikaa kwenye ngazi pamoja na mkewe Suzana. Ziwa lilikuwa limetulia, kivuko kinarudi kutoka Kamanga polepole kama kitu kisicho na haraka ya kufika. Suzana alimenya viazi huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kulimia wa kwao Bujora. Mji wao wa Bujora walikuwa wameuacha kwa sababu ya miguu ya Suzana. Ilikuwa inavimba, na watoto walisema njooni mjini, karibu na hospitali. Mzee alikuwa anamsikiliza tu. Kwake hakuna redio iliyowahi kuimba vile.

Mara kelele za kikao zikatoka ndani, na wimbo ukakatika.

Sisi tunajuana. Hatuchinji hata mbuzi bila kamati. Basi nyumba hii nayo ilikuwa na kamati ya ujenzi. Mwenyekiti ni Mihayo, mtoto mkubwa, bosi huko ofisini kwake. Katibu ni mkewe, Queen. Wazee wenyewe hawakuwamo. Kamati ilisema wazee wapumzike.

Siku hiyo walikuwa wanapanga mtandao. Nyumba ilikuwa kubwa, na katikati yake kulikuwa na jiwe ambalo mafundi walishindwa kulipasua, wakalizungushia kuta. Chumba cha wazee kilikuwa chini, nyuma ya jiwe hilo. Kilikuwa na ubaridi mzuri, lakini simu humo ilishika kwa kubahatisha, na picha haikuja kabisa.

Lukman, fundi wa mtandao, alikuwa ameshaizunguka nyumba yote na bunda la waya begani. "Mwenyekiti," alisema, "rauta tunaiweka sebuleni. Kutoka hapo navuta waya kila upande, na mwisho wa waya nafunga kifaa cha kusambaza waifai. Ila waifai haipenyi lile jiwe. Kule nyuma niruhusu nipitishe waya mmoja sasa hivi, kabla ya plasta."

Mihayo akacheka. "Sasa Lukman, wale wataangalia nini? Jua likizama wameshalala!"

"Tuweke awamu ya pili," Queen akasema, na kikao kikapita hapo.

Awamu ya pili! Nani kati yetu hajawahi kuambiwa hivyo na mwenye cheo? Barabara awamu ya pili, maji awamu ya pili. Mwenyekiti ni mwenyekiti tu, awe wa mtaa au wa nyumba.

Nyaya zikavutwa. Ghorofani zikaenda. Getini zikaenda, kwa ajili ya kamera. Hata banda la kuku lilipata waya wake, ili Mihayo awatazame vifaranga akiwa ofisini. Kisha plasta ikapigwa, rangi ikapakwa, na wazee wakahamia nyuma ya jiwe.

Suzana hakuwa mtu wa kutaka mengi. Alitaka kitu kimoja. Kitinda mimba wake, Wilhelmina, ambaye nyumbani walimwita Mina, alikuwa Kanada, anafanya kazi ya kuwatunza wazee wa watu, na karatasi zake zilikuwa hazijakamilika, kwa hiyo akitoka hawezi kurudi. Mama alitaka, yeye akiwa kitandani kwake, auone uso wa mtoto huyo, waongee Kisukuma chao bila mtu kusikiliza.

Mwanzoni Mzee Shimba alimpandisha ngazi hadi sebuleni, amemshika kiunoni, wanapumzika njiani kama wapanda mlima. Siku moja wakakuta Mihayo na rafiki zake wanaangalia mpira.

"Mama, punguza sauti kidogo, hii ni penati!"

Kwenye simu Wilhelmina akauliza, "Mama, mbona umekonda? Kuna nini? Niambie."

Suzana akatazama wale wanaume, akatazama simu. "Hamna kitu, mwanangu. Nitakuambia siku nyingine."

Baada ya hapo miguu ilikataa ngazi. Akawa analala na simu mkononi. Ikilia anaipokea kwa mikono miwili, na sauti ya binti inakuja vipande vipande, "Ma... una... nime...", halafu kimya. Yeye anaendelea kuongea na kile kimya. Mzee alikuwa anatoka nje asimwone.

Akamfuata Lukman. Lukman akainamisha kichwa. "Mzee wangu, bila ruhusa ya mwenyekiti siwezi kugusa ule ukuta."

Akamfuata mwenyekiti.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Mihayo, ule waya."

"Baba, rangi imeshapakwa. Waya ukining'inia nje utachafua nyumba. Vumilieni, tutakaa kikao cha awamu ya pili."

"Mama yako hana awamu ya pili."

"Wewe nawe, baba, kwa maneno!" Mihayo akacheka, akaingia kwenye gari.

Suzana alifariki asubuhi ya mvua, simu ikiwa kifuani. Mzee alijaribu kuitoa, vidole vya mkewe havikutaka kuiachia.

Kamati ya mazishi ilikaa hapo hapo, wajumbe ni wale wale. Wilhelmina hawezi kuja, wakasema, basi arushiwe ibada moja kwa moja aione. Turubai limefungwa uani, chini, nyuma ya jiwe. Lukman akaitwa. Akatoa waya dirishani sebuleni, akaupitisha juu ya ukuta mweupe, ukateremka ukigusa dirisha la chumba cha wazee hadi uani. Hakuna aliyesema unachafua nyumba.

Mzee Shimba alimkuta anamalizia kufunga kifaa. "Imekuchukua muda gani, mwanangu?"

Lukman hakumtazama usoni. "Chai yangu haijapoa, mzee."

Wakati wa kuaga, Mihayo alisimama kando ya jeneza ameinua simu. Alikuwa analia, tusimnyime haki yake, alikuwa analia. "Baba," akanong'ona, "Mina anamwona mama vizuri. Picha haikatiki hata kidogo."

Mzee akamtazama mkewe, kisha akamtazama mwanawe.

"Na mama yako," akauliza, "anamwona Mina?"

FUNZO

Wenye nyumba, na wenye vyeo wa kila aina, sikieni. Kabla ya plasta, zungukeni chumba hadi chumba, ulizeni nani atalala hapa, na anamkumbuka nani. Waifai haipenyi jiwe, kwa hiyo waya wa kwanza mpeni yule asiyeweza kupanda ngazi. Geti litasubiri na kuku watasubiri. Msipange maisha ya mtu kwenye kikao ambacho yeye hakuitwa. Mkiahirisha haja ya mgonjwa, mjue mnaahirisha kitu ambacho hakipo kesho. Ule waya bado uko dirishani kwa Mzee Shimba. Mtandao umejaa chumbani, na upande wa pili wa kitanda hakuna wa kuongea nao.