Papa Deo Alisema Mimi Nimeruhusu

Nina miaka arobaini na minne, ninaishi Mapendo, hapa Goma. Ujana wangu uliishia kwenye meli za mafuta, toka Matadi mpaka bandari ambazo majina yake nimeanza kuyasahau. Hamu ya nyumbani ndiyo iliyonirudisha... Laiti ningebaki baharini!

Mdogo wangu Bahati alikuwa anachomelea vyuma kwenye boti inayopeleka petroli Bukavu. Mwenye boti, Papa Deo, ni baba wa ubatizo wa mtoto wa Bahati. Bahati alichomelea tangi lililojaa mvuke wa petroli bila woga. Cheche moja tu kupenya ndani ingetosha kulilipua!

Nikamfundisha tulivyofanya melini: kuingiza moshi wa injini uliopozwa ndani ya tangi, hewa itoke, moto ukose cha kupumua. Alicheka sana, akaniita Grand, kaka mkubwa, kama kawaida yake.

"Grand, umetuletea mazuku ndani ya boti!"

Kweli. Nani wa Goma asiyeijua mazuku, ile hewa mbaya inayolala mashimoni kule Mugunga na kuua mbuzi kimyakimya? Nikamwonya: moto usipoishi humo, hata mtu hataishi. Tangi lifunguliwe, lipulizwe hewa safi, na asiingie mpaka mimi nimelipima.

Siku walipotumia njia hiyo nilikuwa kwenye kilio cha msiba Munigi. Kuchomelea kuliisha salama, ikabaki kutu ya kukwangua ndani. Papa Deo alitaka boti iondoke haraka. Fundi mwenzake Bahati alinisimulia kwamba Bahati alikataa kuingia kabla sijalipima. Alikataa, wasomaji wangu! Ndipo Papa Deo akaenda pembeni na simu, akarudi akitabasamu.

"Ingia, mutoto. Grand yako anasema iko sawa."

Simu yangu haikulia hata mara moja...

Walimtoa kwa kamba. Hakuwa na jeraha lolote. Ungesema amelala!

Kwenye mazishi Papa Deo alilia kuliko sisi wote. Mjane wa Bahati akanigeukia mbele ya watu: "Ni wewe uliruhusu!" Niliapa, nikapiga magoti. Mpaka leo hanisalimii, na watoto wananipita njiani kama mgeni.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye matangi, nawasihi: ruhusa isiletwe na mdomo wa mwingine. Aliyeruhusu aitwe, aje, asimame penye mlango wa tangi, mumwone kwa macho.

Mazuku, Bahati aliiogopa tangu utoto. Ni jina langu tu ambalo hakuliogopa.