Vumbi Ndani ya Chujio

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuosha vyombo na kufagia uwanja, Luciana alikuwa na kazi ambayo watoto wenzake wa Mlabani hawakuwa nayo. Alifungua kava la chujio la hewa katika lori dogo la baba yake, akalikung'uta chujio taratibu, kisha akalipuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka vumbi lote likatoka. Huo ulikuwa msimu wa mavuno. Lori lilikwenda Katindiuka na kurudi mara tatu kwa siku, likibeba magunia ya mpunga kuyapeleka mashineni, na njia nzima ilikuwa vumbi tupu.

"Gari linapumua kama mtu," baba yake, Bwana Anselim, alimwambia siku alipomfundisha. "Likikosa hewa, mafuta hayaungui yakaisha. Yanayobaki yanatoka moshi."

Luciana alikuwa darasa la sita, na mwanzoni aliifanya kazi hiyo kwa fahari. Lakini Julai ilipoingia, wenzake wakaanza kucheza rede Jumamosi asubuhi nyuma ya shule. Jumamosi ya kwanza alijiambia kwamba chujio si chafu sana. Ya pili alilipangusa kava kwa kitambaa chenye maji, likang'aa kwa nje, akakimbilia mchezoni.

"Umesafisha, mama?" baba yake aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Uongo wa kwanza ulimkwama kooni. Wa tano ulipita kama uji.

Haukupita muda, lori likaanza kutoa moshi mweusi. Likiondoka na mzigo, akina mama waliouza vitumbua kando ya barabara walifunika beseni zao kwa khanga. Dizeli iliyozoea kutosha siku mbili sasa iliisha kabla ya siku ya pili kufika saa sita. Anselim alikuna kichwa, akatafuta wa kumlaumu, akampata.

Mtu huyo alikuwa Kelestini, mhudumu wa kituo cha mafuta na jirani yao. Binti yake, Frida, aliketi dawati moja na Luciana.

"Baba Frida, unaniuzia nini?" Anselim alifoka Jumatano jioni, Luciana akiwa pembeni yake. "Dizeli hii mmeichakachua!"

"Hapana, Baba Luciana," Kelestini alijibu kwa upole. "Wengine wanajaza hapahapa na magari yao hayatoi moshi. Labda chujio la hewa limeziba."

"Chujio? Linasafishwa kila Jumamosi na binti yangu huyu. Luciana, hebu mwambie!"

Madereva wa bajaji waliokuwa kwenye foleni waligeuka wote. Luciana alitazama vidole vya miguu yake.

"Nalisafisha," alisema.

"Umesikia? Kesho asubuhi nakuja kuonana na bosi wako."

Kelestini alimtazama Luciana kidogo tu, halafu akalirudisha bomba la mafuta mahali pake. Usiku ule, wakati wa kula, Luciana alitaka kusema, akaona mkanda wa baba yake ukutani, akaenda kulala.

Asubuhi alikuwa akienda shule pamoja na Frida. Lori la baba yake likawapita likielekea kituoni. Anselim akapiga honi na kuwapungia mkono. Nyuma yake moshi mzito ukawafunika. Luciana alikohoa, akapangusa macho. Alipogeuka, Frida alikuwa ameshika uzio wa shule kwa mikono miwili, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikipiga filimbi. Frida alikuwa na pumu.

"Mwalimu! Mwalimu!" Luciana alipiga kelele.

Mwalimu Eveline alikuja mbio, akatafuta dawa ya kuvuta ndani ya mkoba wa Frida, akampulizia kinywani. Haikutosha. Akasimamisha bajaji, wakaondoka kwenda hospitali.

"Ni moshi wa gari la kina Luciana," mwanafunzi mmoja alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu alichokiona, na hilo lilichoma zaidi.

Luciana hakuingia darasani. Alikimbia hadi kituo cha mafuta. Baba yake alikuwa amesimama mbele ya bosi, akimnyooshea Kelestini kidole.

"Baba, usimseme Baba Frida!" alilia. "Ni mimi. Sijasafisha chujio tangu mwezi uliopita. Jana nilidanganya. Frida amezidiwa na moshi wetu, wamempeleka hospitali."

Kelestini alirukia bodaboda ya kwanza bila kuuliza neno. Anselim alifungua kava. Chujio lilikuwa limejaa vumbi jekundu na pumba za mpunga, limegandamana kama tofali. Luciana alingoja kofi, lakini halikuja.

"Nimemvunjia mtu heshima mbele za watu," baba yake alisema kwa sauti ya chini. "Twende."

Mchana, hospitalini, Anselim alimwomba Kelestini radhi mbele ya wagonjwa na wauguzi, na akaahidi kurudia maneno hayo kituoni. Luciana alimwamkia Kelestini, "Shikamoo, baba," kisha akasogea kitandani.

"Ulijua chujio ni chafu?" Frida aliuliza. Pumzi zilikuwa zimetulia.

"Nilijua. Nisamehe."

Frida aligeukia ukutani.

Kelestini alimvuta Luciana kando. "Atakusamehe, mpe siku zake," alisema. "Sikiliza, binti yangu. Mafuta yaliyopotea ni hasara ya baba yako. Alinunua gari, alinunua dizeli. Frida hakununua chochote. Alikuwa anapita njia tu. Moshi ukishatoka, anayeugharamia ni mtu ambaye hata hakupanda gari. Ndiyo maana kutunza gari si hiari ya mwenye gari peke yake."

"Na mimi ningekagua mwenyewe, badala ya kulaumu watu," Anselim aliongeza.

Siku hiyohiyo alifunga chujio jipya, na lori likaondoka bila moshi. Jumatatu Frida alirudi darasani. Alikaa kimya hadi kipindi cha tatu, ndipo akasogeza kitabu chake katikati ya dawati ili wasome wote wawili.