Mlima Uliogeuka Kichuguu

Kila asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Mikumi hufagia uwanja. Devota alikuwa bingwa wa kujificha nyuma ya tangi la maji mpaka kazi iishe. Siku moja Nailantei, aliyeketi naye dawati moja, alimsemea kwa Mwalimu Rebeka. Devota akafagia uwanja mzima peke yake huku wenzake wakimcheka.

"Atanitambua," alijiapiza. "Dawa ya moto ni moto."

Nafasi haikukawia. Klabu ya picha ilitakiwa kupeleka picha ya mlima kwenye maonyesho ya shule huko Kilosa, na Devota alitamani sana yake ndiyo iende. Mwalimu Rebeka alimkabidhi simu ya kupigia picha, akamwonya: "Weka mtu. Bila mtu, anayetazama hajui mlima una ukubwa gani."

Nailantei alijitolea. Jumamosi mchana alipanda mpaka kwenye jabali lililo kiunoni mwa mlima, amejitanda shuka jekundu.

"Tayari?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Bado! Simama wima!" Devota alijibu, ilhali picha alishapiga zamani. Akaketi kivulini akitafuna muwa polepole. Moyo ulimburudika kumwona mbaya wake akikaangwa na jua.

Nailantei aliposhuka, jasho likimtiririka, picha zake zote zilikwishafutwa. Ilibaki moja tu, ya mlima mtupu. Devota alilala usingizi mtamu siku hiyo.

Jumatatu picha ilioneshwa kwa projekta ukutani mbele ya darasa.

"Hicho kichuguu kiko wapi?" aliuliza Mudathir. "Nyuma ya choo?"

Darasa zima liliangua kicheko. Kweli, mlima ulikuwa umenywea, na nyasi za mbele zilikaribia kuufunika.

"Devota, mtu yuko wapi?" Mwalimu aliuliza.

Nailantei alimkazia jicho. Devota alitaka kusingizia simu, lakini jicho lile lilimshinda.

"Nimemfuta, Mwalimu. Nilitaka kumkomoa kwa sababu alinisemea."

"Alikusemea uongo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi rudini leo jioni. Nailantei atapiga, na wewe utasimama."

Jioni Devota alisimama juu ya jabali mpaka miguu ikafa ganzi. "Tayari?" aliita.

"Bado! Simama wima!" Nailantei alijibu kutoka chini, na mkononi alikuwa na muwa.

Devota alijua fika anachofanyiwa. Alisimama wima.

"Haya, shuka!" Nailantei aliita mwishowe. Devota alipofika chini, Nailantei alimpa nusu ya muwa. "Sasa tumelipana. Yaishe."

Kesho yake mlima ulijaa ukuta mzima, na Devota alionekana mdogo kama punje ya mtama. Hakuna aliyecheka. Picha ilikwenda Kilosa kwa jina la Nailantei, na Devota alimeza mate machungu.

"Ulidhani unamfuta mwenzako," Mwalimu Rebeka alimwambia, "kumbe ulikuwa unaushusha mlima wako mwenyewe. Kisasi ndivyo kilivyo, humpunguza anayekilipiza. Na kosa lako la kwanza lilikuwa uvivu, si ulimi wa Nailantei."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele, nyuma ya tangi hapakuwa na mtu. Devota alikuwa katikati ya uwanja, ameinama na ufagio.