Bomba la Pili

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya uchawi na mashetani, ndiyo maana kisa hiki kinaniudhi. Kingempata jirani ningekicheka. Kimempata dada yangu wa tumbo moja, na mtoto wake nimemwogesha kwa mikono yangu hii.

Ilikuwa siku ya kawaida kabisa, saa nne asubuhi, jua linawaka, nguo zimeanikwa. Dada ni fundi cherehani, anashonea nyumbani. Shemeji ni mwokaji mikate. Anaingia kazini watu wakilala, anarudi watu wakiamka. Mchana ndio usiku wake. Na chumba anacholala kimepakana ukuta na sebule, na sebuleni kuna tangi la samaki.

Tangi lenyewe si kadude ka kuweka mezani. Ni la kioo, refu kama kitanda, dada aliachiwa na mteja aliyehama. Maji yakifika ukingoni yanamwagikia kwenye kisanduku cha pembeni, yanashuka kwa bomba hadi tangi jingine lililofichwa kabatini, kisha pampu inayarudisha juu. Kutwa kucha. Na lile bomba lilikuwa halinywi maji, linayafakamia pamoja na hewa. Guru, guru, halafu linavuta kwa nguvu kama mtu asiye na adabu anayemalizia chai.

Shemeji alijaribu sponji. Akajaribu kona za plastiki za kupindisha bomba. Akajaribu pamba masikioni. Wapi. Alishasinzia mbele ya tanuri mara mbili, na msimamizi alimwambia ya tatu asihangaike kurudi. "Shemeji," aliniambia, macho mekundu, "nikisikia tena hiyo guru guru, nalivunja na samaki wake."

Nikamkokota hadi kwa muuza samaki wa mapambo, mwanamke mmoja mwenye haraka zake. Akatueleza huku anahesabu chenji. Wekeni koki kwenye bomba la kwanza, ifungeni kidogo kidogo mpaka bomba lijae maji matupu, lisipate hewa, litanyamaza. Maji yatakayozidi yapite bomba la pili, lile la akiba lililo kando yake. "Ila hilo la pili msilizibe," alisema. "Hata likiwaudhi."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Siku la kwanza likiziba, mtaogelea sebuleni." Jibu la kawaida, nikaridhika nalo.

Shemeji alifunga koki nusu saa nzima, unywele kwa unywele. Kweli, guru guru ikafa. Tukatazamana. Halafu bomba la pili likaanza. Ti. Ti. Ti.

"Umeambiwa usilizibe," nikamwambia.

"Nimechoka." Akanyakua kitu cha kwanza alichokiona kitini, kitambaa cha mtoto cha kufutia udenda, kingali kibichi kwa mate. Akakiviringisha, akakisokomeza ndani ya bomba la pili. Sikio la kufa halisikii dawa.

Niseme ukweli, kile kimya kilikuwa kitamu. Shemeji akaenda kulala. Nikajinyoosha kwenye kochi. Dada akaendelea kushona, mtoto wao wa miezi saba amelala mkekani nyuma yake. Saa moja ikapita, labda mbili. Dada akakata uzi, akageuka.

Mtoto alikuwa analia. Mdomo wazi, uso umeiva, machozi yameingia masikioni. Kifua kinapanda, kinashuka. Sauti hakuna. Mkeka chini ya kichwa chake ulikuwa umelowa chapachapa.

"Unamsikia?" dada alininong'oneza.

"Simsikii."

Hatukujua alikuwa amelia muda gani. Sisi tulikuwa tunafurahia kimya.

Hospitalini daktari alimulika koo, akapiga picha. Koo zima, mapafu mazima. Akasema tusubiri. Tusubiri nini, hakusema, na mimi nilitaka kumpiga.

Tuliporudi, dada alikwenda moja kwa moja kwenye tangi kutoa kile kitambaa. Hakikuwemo. Bomba lenyewe limenyooka, fupi kuliko mkono wangu. Tuliingiza waya juu, ukatokea chini. Tukachota maji ya tangi la kabatini kwa ndoo mpaka likabaki kavu. Hamna kitambaa.

"Nalikata," shemeji akasema. Akaleta msumeno, akaweka meno kwenye bomba la pili. Akavuta mara moja.

Bomba likalia.

Kilikuwa kilio cha mtoto wetu, kile chake cha kukatikakatika. Nikamtazama mapajani mwa dada. Amefumba macho. Mdomo wazi. Shingoni ana mstari mwekundu, mwembamba, mbichi.

"Weka chini," dada akasema. Shemeji akaweka chini.

Sasa ni mwaka wa nne. Koki wameifungua, guru guru imerudi, pampu haizimwi hata dakika. Mtoto ni mzima, anacheza, anachezesha midomo, na maneno yanatokea kwenye bomba. Awe popote. Huko chekechea mwalimu anadhani ni bubu, kumbe dada, nyumbani kwenye cherehani yake, anasikia "Nipo, mwalimu." Akiletwa kwangu, ng'ambo ya mji, akitaka kitu nampigia dada simu. Anasema nini? Anataka maji. Basi nampa maji. Ndivyo tunavyoishi. Inachosha mno, na shemeji hajanitazama usoni tangu siku ile, kana kwamba mimi ndiye niliyesokomeza.

Jumapili iliyopita, mchana, mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu. Dada akapiga simu.

"Mbona humlazi? Anaimba tu."

"Amelala."

"Namsikia, bwana."

"Dada. Mdomo umefungwa. Naushika hapa."

Halafu akasogeza simu kwenye bomba. Nilimsikia mtoto wetu, wimbo wake wa shule, mstari mmoja. Akaacha. Akasema, "Sasa wewe."

Sauti nyingine ikaimba ule mstari. Nzito. Inakosea. Mtoto akaurudia taratibu, kama mwalimu. Ile nyingine ikajaribu tena. Ikapanda kidogo. Ikajaribu tena. Mara ya nne zilikuwa sauti mbili zinazofanana.

Mara ya tano ilikuwa moja.

"Mmoja ameacha," dada akanong'ona. "Sijui ni yupi."

Ndipo mtoto akaamka. Akakaa, akanitazama, akachezesha midomo. Haraka haraka. Analo jambo la kuniambia, na machozi yanamlengalenga.

"Dada, anasema nini?"

Nikasikia guru guru kwenye simu, na wimbo juu yake.

"Hasemi kitu," dada akajibu. "Bado anaimba."