Diski Iliyobaki Dukani

Kila jioni Kayalvizhi, au Kayal kwa kifupi, alikuwa na kazi moja ndogo. Alichomeka diski kwenye kompyuta ya dukani ili inakili kumbukumbu zote, akangoja taa yake iache kumeta, kisha akaipeleka kwa shangazi Thilaga, aliyekaa ghorofani ng'ambo ya mfereji. Huko aliiacha, akarudi na diski ya jana yake.

Appa, kama alivyomwita baba yake, aliwapelekea oksijeni wagonjwa arobaini na watatu wa mji wa Kadalur, waliolala majumbani mwao. Kompyuta ile ilihifadhi jina la kila mgonjwa, nyumba yake, na saa ambayo mtungi wake ungekwisha.

Kisha zikaja siku tisa za sikukuu. Kila jioni rafiki zake walimwita kutazama wanasesere waliopangwa kwenye ngazi na kula dengu za nazi. Diski ikabaki kwenye droo.

"Umepeleka?" Appa aliuliza.

"Nimepeleka, Appa."

Siku ya tisa vyombo vyote vya kazi hupumzishwa. Murugesan, dereva wao, alilisafisha lori dogo akalivisha maua, kisha akapanga spana zake kwenye mkeka mbele ya picha ya mungu wa elimu. Appa aliishusha kompyuta kutoka kwenye meza ndefu, akaiweka hapohapo na kuipaka msandali. Kayal akaleta vitabu vyake vya shule, na diski juu yake.

"Tazama uso unavyong'aa!" Murugesan alimtania. "Leo hakuna kusoma, ee?"

"Na wewe leo hakuna kuendesha, kaka. Mbona unacheka?"

Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu mpaka asubuhi.

Asubuhi walipofungua duka, maji yaliwafika magotini. Mvua ilikuwa imeufurisha mfereji. Maua yalielea, na kompyuta ilikuwa imezama pamoja na vitabu. Appa aliinyanyua, maji yakamwagika kutoka ndani yake.

"Kaka, leo nani mtungi wake unakwisha?" Murugesan aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sikumbuki wote. Lakini nakala ya karibuni iko kwa dada yangu. Kayal aliipeleka."

Kayal aliitazama diski iliyozama. Angeweza kunyamaza. Wangevuka maji, wangefika, na huko wangejua wenyewe. Lakini aliwaza wale watu, kila mmoja na mpira puani, akisikiliza hewa ikipungua.

"Appa," alisema, machozi yakimtoka. "Sikupeleka. Iliyoko kwa shangazi ni ya siku tisa zilizopita. Nyingine ni hiyo hapo, majini."

Appa hakumpiga wala kumfokea. Alikaa juu ya ndoo, akaziba uso kwa mikono. Kayal hakuwahi kumwona hivyo.

"Siku tisa!" Murugesan alisema. "Mtungi mkubwa haufikishi hata tatu!"

Simu hazikuwa na mtandao. Appa akainuka. "Basi saa hatuzijui, ila nyumba tutazijua. Tutakwenda kwa wote. Pakia mitungi!"

Walipofika nyumbani kwake, shangazi Thilaga aliichomeka diski ya zamani kwenye kompyuta yake mwenyewe, akawasomea huku Appa akiandika kwenye karatasi. Majina yakafika arobaini na mawili, yakakoma.

"Kuna mmoja amepungua," Appa alisema.

"Yule bibi mpya wa juzi," Kayal alinong'ona. "Bibi Rukkumani. Nilimwandika mimi."

"Anakaa wapi?"

Alifumba macho. Aliona kibodi, aliona vidole vyake, lakini jina la mtaa halikuja.

"Kumbuka, mwanangu! Mimi nilikuwa nje na lori!"

"Siwezi, Appa! Siwezi!"

Shangazi akamshika mabega. "Acha jina la mtaa. Nani alikuja kuchukua mtungi?"

"Mjukuu wake. Alikuja na mkokoteni." Kayal alipumua kwa kwikwi. "Kucha zake zilikuwa za buluu. Na alilalamika kwamba treni iliyokuwa ikipita ilimchelewesha."

"Rangi ya nyuzi," Murugesan alisema. "Huyo ni mfumaji. Wafumaji wanakaa ng'ambo ya reli!"

Walianza huko. Lori lilikwama kwenye reli, wakaendelea kwa miguu. Murugesan alibeba mtungi begani, maji yakimfika mapajani, na Kayal akagonga kila mlango. "Kwa Bibi Rukkumani ni wapi?" Mlango wa kwanza, hapana. Wa tano, hapana. Wa kumi na moja ulifunguliwa na kijana mwenye kucha za buluu, gazeti mkononi. Alikuwa akimpepea bibi yake. Midomo ya bibi ilikuwa ya kijivu, na mshale wa kipimo cha mtungi ulilala kwenye alama nyekundu.

Murugesan alifunga mtungi mpya. Walisubiri. Polepole midomo ile ikarudiwa na rangi.

Mpaka jioni waliwafikia wote. Wawili walikutwa wamebakiwa na hewa ya chini ya saa moja. Nyumbani kwa shangazi, Appa alichukua karatasi na penseli.

"Kayal, mgonjwa akikosa oksijeni, anaweza kungoja kwa muda gani?"

"Hawezi kungoja, Appa."

"Basi na sisi lazima tuwe tayari palepale. Kompyuta ya pili itakaa hapa ghorofani. Orodha ya karatasi itakaa kwenye lori. Na kumbukumbu za siku ngapi tunaweza kuzipoteza?"

"Hata moja hapana."

"Basi diski itakuja kila jioni, sikukuu au siyo, na kila Jumamosi tutaifungua tuone kama inasomeka. Mipango hii nilipaswa kuiandika kabla ya mvua." Aliweka penseli chini. "Mimi niliishusha kompyuta, wewe ukaiacha diski. Kosa langu na lako yalikaa kwenye mkeka mmoja. Lakini leo asubuhi ulisema kweli, tukapakia mitungi kabla ya kuvuka, na kweli hiyo ndiyo iliyotufikisha kwa bibi mapema. Kuanzia sasa kumbuka: ukiniambia 'nimepeleka', kuna watu wanaopumua kwa neno hilo."