Rafu ya Chini

Kopo la kuogea lilikuwa na maji ya moto. Hilo tu. Halikumwagika, halikupasuka, lilikuwa limekaa zake juu ya rafu ya chini bafuni, limejaa mpaka mdomoni, linatoa mvuke. Na nyumba nzima hakuna aliyebandika maji jikoni tangu asubuhi.

"Nani kachemsha maji?" Fundi akauliza.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani yake, hakuinua kichwa. "Labda jua," akasema.

Jua! Jua gani linaloingia bafuni mle? Ngoja niwaambie lile bafu lilivyo, mcheke kabisa sasa hivi, maana mbele huko hakuna nafasi. Lile bafu ukiingia wewe, kivuli chako kinabaki nje kinasubiri zamu. Ukikaa chooni, magoti yanapiga hodi mlangoni kwa ndani. Mimi na huu mwili wangu niliingia mara moja, nikatoka kinyumenyume kama lori lililopotea njia, watu sebuleni hoi kwa kicheko, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Fundi ni mtoto wa kaka yangu. Seremala, na si seremala wa kupigiliapigilia. Kabati lake hupitishi hata ukucha kwenye maungio. Lakini si mnajua, mganga hajigangi. Kwake miaka yote vitu vilikuwa chini: ndoo, mabeseni, sabuni juu ya tangi la choo, miswaki kwenye kikombe kilichokatika mkono. Mkewe akilalamika, jibu lilikuwa moja: "Kesho, Mama Chiriku."

Chiriku ndiye mtoto wao. Mmoja tu, na walimpata watu wakiwa wameshachoka kuwauliza. Tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Alikuwa anaongea mpaka usingizini. Na bafuni ndiyo usiseme! Alasiri akirudi kucheza, mama yake akimwingiza kuoga, mtaa mzima tunajua. Anaimba, anahubiri, anaigombeza sabuni.

Homa ilimchukua haraka. Sitaki kuisimulia. Alianza kulalamika kichwa, na wiki haijaisha tukawa tunarudi kutoka makaburini.

Watu wakatawanyika, vitu vyake vikabaki bafuni. Kandambili zake, dodoki lake, kile kindoo cha njano, vyote sakafuni, na mama mtu hakubali kiguswe hata kimoja. Akienda kuoga anaviruka. Siku moja akateleza akikwepa kindoo, akaanguka, akabaki palepale kwenye maji, hataki kuinuliwa.

Ndipo Fundi aliposema basi, leo si kesho tena. Kila kitu kipate mahali pake, hata vya mtoto.

Na alivyolipanga, jamani! Juu ya mlango, pale kila mtu anapoacha patupu, akaweka rafu ndefu ya karatasi za chooni na sabuni za akiba. Juu ya tangi la choo, kijikabati chembamba kama kitabu. Kwenye kona, rafu za pembetatu zinapandana kama ngazi. Nyuma ya mlango, ndoano za taulo. Mbao akazipaka vanishi na kuzirudia, maji yasizile. Majirani wakaja kutazama.

"Fundi, hili bafu au duka?"

"Duka. Kopa uone."

Sasa, huyu mtoto wa kaka yangu ana namna yake ya kazi. Hapimi rafu kwa futi. Anakusimamisha ukutani, anakwambia, "Nyoosha mkono, usijikaze," na pale kiganja kinapotua ndipo anapochora. Rafu ni ya mkono wa mtu, anasema, siyo ya ukuta. Za juu alizipima kwa mkono wake. Za kati kwa mkono wa mkewe. Na ya chini kabisa, ile ya kona karibu na tundu la kutolea maji sakafuni, aliipima kwa kupiga magoti na kufumba macho. Akamkumbuka mtoto anavyonyoosha mkono kudai kitu, akachora mstari hapo hapo. Hakumwambia mkewe kitu. Na mkewe hakuhitaji kuambiwa, alipoiona tu aliingia chumbani akafunga mlango.

Dodoki likakaa pale, na kopo pembeni yake.

Basi ndilo hilo kopo.

Kesho yake likawa na maji ya moto tena, na povu juu. Ikaja harufu, ile sabuni ya mtoto yenye harufu ya chungwa, ambayo haikununuliwa tena tangu msiba. Inatoka chini ya mlango, inakaa sebuleni kama mgeni. Kisha sauti ya maji: kopo linachota, linamwaga, linachota, linamwaga, na bafuni hamna mtu. Kisha, alasiri moja, jua kali, watoto wa watu wanafukuzana nje, ikatoka sauti nyembamba nyuma ya ule mlango:

"Mama."

Mnisikilize hapa. Yule mwanamke alisubiri kuitwa mama mpaka akaanza mvi. Na tangu tumzike mtoto, hakuna aliyethubutu kumwita Mama Chiriku. Tuliogopa kulitaja jina. Huyu anamwita dada, huyu anamwita wewe, mwingine anakohoa tu. Kwa hiyo mtoto kaondoka, na lile jina kaondoka nalo. Sasa anaitwa. Wewe ungefanyaje?

Aliitika. "Nakuja, mwanangu."

Akaingia, akafunga kwa ndani. Na kuanzia hapo kila alasiri anaacha cherehani na nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano, anachukua taulo ndogo, anaingia, na mwanzoni anatoka upesi akitabasamu, halafu akawa anakawia, halafu akawa anatoka jua limeshazama, vidole vimekunjamana kama vya mfuaji, midomo ya bluu, nywele zinachuruzika maji mpaka mgongoni, ngozi ya nyayo imelainika inabanduka, kikohozi kimemshika kifuani, na bado anatabasamu, hali chakula, hataki kukaushwa, na ukimgusa mkono unarudisha wako haraka, maana ni baridi ile ya kitu kilicholala majini.

Nilipokwenda kuwasalimu, nikaingia na kelele zangu kama kawaida. "Hodi humu ndani! Wenyewe mpo, au mmehamia rafuni?"

Mkewe akanitokea na kidole mdomoni. "Shangazi, polepole. Anaoga."

Nikavua kandambili zangu, nikatembea kwa ncha za vidole.

Nikamvuta Fundi nje, ukutani. "We mtoto, mkeo anakufa ndani ya nyumba yako na wewe unamtazama?"

"Nimwite nani, shangazi? Watasema ana wazimu."

"Wewe husikii kitu mle ndani?"

"Sisikii." Lakini alilisema hilo huku anatazama viatu vyake.

Nikamfuata mganga mimi mwenyewe. Msifikirie mzee wa ndevu nyeupe. Ni kijana mnene, anauza viatu vya mitumba, na siku hiyo alikuwa na mafua ya kumaliza vitambaa. Nikamwambia, "Baba, hata na hayo makamasi yako, twende."

Alipofika akatazama rafu moja moja, juu mpaka chini. "Kazi safi," akasema. "Na kwangu uje." Kisha akasimama. "Mnasikia harufu gani humu? Mimi pua imeziba."

"Chungwa," nikasema.

Akainama kwenye kona. "Na hii ya nani? Hapa hafiki mtu mzima."

Fundi akapapasa ukingo wa ubao kwa kidole.

"Uliipimaje?"

"Kwa mkono wake."

"Mkono wa nani? Mtoto si hayupo?" Mganga akafuta pua taratibu. Hakuwa na hasira. "Ndugu yangu, penye maji hapakosi mwenyeji. Huyu wenu alikuwemo humu kabla yenu, kakaa kwenye tundu lake, hana neno na mtu. Wewe ukampimia asiyekuwepo. Kitu kikishapimwa, kinamtafuta mwenyewe. Kaona nafasi ya mkono, kaleta mkono."

"Ni mwanangu," mkewe akasema. Alisimama mlangoni na ile taulo ndogo. "Namjua. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Basi muulize, mama. Lakini muulize la nje ya bafu."

Akapiga magoti pale kizingitini. Alasiri ilikuwa imefika, na maji yalikuwa yameanza kuchotwa peke yake.

"Mwanangu," akanong'ona, "siku tuliyokwenda kununua viatu vyekundu, ulilia nini?"

Maji yakadondoka. Tone, tone.

"Sabuni imeingia machoni," ikajibu sauti.

Ndugu zangu, ilikuwa sauti yake. Ile ile, na ule mkwaruzo wake mwishoni.

"Siyo hapo, mwanangu. Dukani. Ulilia nini dukani?"

"Anza na miguu. Kichwani baridi."

"Usiku unalala na nani? Yule mdoli wa kitambaa, anaitwaje?"

"Nisugue mgongo, mama."

Akauliza, akauliza. Shuleni, jikoni, kitandani, hospitali. Na kila akiuliza ilijibu maji, ilijibu povu, ilijibu taulo, haikuwa na kingine, na tuliona uso wa yule mwanamke unazimika taratibu kama taa inayokwisha mafuta, mpaka mwisho akaacha kuuliza.

"Hajui kingine," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Anajua alichokisikia humu ndani."

"Alikuwa anamsikiliza mwanangu," mama mtu akasema.

"Kila siku."

"Kwa hiyo na yeye kampoteza."

Mganga akapenga kamasi kwa nguvu. Kama ni mafua au kingine, sijui. "Hana ubaya, mama. Lakini hajui kwamba mtu hakai majini. Ukiendelea kuitika, atakushusha anakoishi. Wiki hii, si ijayo." Akamgeukia Fundi. "Rafu aing'oe aliyeipima. Na aliyeitika ndiye amkane."

Fundi akachukua nyundo. Akaingia, akachuchumaa kwenye kona. Tukasubiri. Nyundo haikupiga.

"Piga, baba," nikamwambia.

"Mimi nasikia," akasema, kichwa chini. "Nasikia tangu siku ya kwanza."

Mkewe akamtazama. "Ulisema husikii."

"Ningesema nasikia, mngenitaka niing'oe." Machozi yalikuwa yanamtoka kama bomba bovu. "Wewe ulikuwa naye kila alasiri. Mimi nilikuwa karakana. Sikuwahi kumsikia akioga hata mara moja, mlikuwa mnanisimulia tu. Siku hizi nafunga kazi mapema, nasimama hapa nje ya mlango. Ule wimbo wake wa kuogea nimeujulia humu, kutoka kwa huyu."

Yule mwanamke akaingia naye mle ndani, wawili kwenye bafu lisilotosha mmoja, akamshika mkono ule wenye nyundo. Wakapiga pamoja. Mara ya kwanza ubao ukalia. Mara ya pili ukaachia ukuta, dodoki likaanguka, kopo likaviringika, na kutoka kwenye tundu la maji, karibu kabisa na magoti yao, ikaja:

"Mama, nashika wapi?"

Nikaona mkono wa mama unanyooka wenyewe. Unajua mkono wa mama hauulizi kichwa. Ulifika karibu na lile tundu, vidole vimefunguka, na mganga akataka kumrukia, na mimi nikamzuia, sijui kwa nini nilimzuia.

Mkono ukasimama hapo. Ukajifunga ngumi.

"Mimi si mama yako."

"Mama."

"Si mama yako." Sauti ilikuwa inamkatika vipandevipande. "Wangu nilimzika. Nenda. Nenda, na usiogope baridi, nenda."

Tundu likameza maji kwa mlio mmoja mrefu, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kulia sana. Harufu ya chungwa ikakatika. Ikabaki harufu ya bafu tu, unyevu na vanishi. Mganga akapiga chafya, akachukua viatu vyake, na kupokea chochote akakataa.

Mnataka niwaambie walifurahi? Alipona, ndiyo. Kikohozi kiliisha, cherehani ikaanza kulia tena. Lakini hiyo alasiri hawakutoka mle ndani. Nilikuwa nakusanya vipande vya ubao pale mlangoni nikawasikia.

"Niimbie," Fundi akamwambia mkewe. "Uimbe wewe sasa."

Ule wimbo aliutunga Chiriku mwenyewe, wa sabuni iliyotaka kuolewa na mwezi. Ukiusikia lazima ucheke. Mkewe akaanza. Akaimba sabuni ilivyojipamba, akaimba mwezi ulivyochelewa kuja. Kisha akanyamaza.

"Baada ya hapo?" Fundi akauliza.

"Ngoja." Akarudia mwanzo. Akafika palepale, akakwama. "Mwezi ulimwambia nini? Wewe si ulikuwa unasikiliza?"

"Mlangoni sauti ilikuwa inapotea hapo."

Wakakaa kwenye sakafu yenye maji, magoti yamegusana, wanautafuta huo mstari. Mmoja anajaribu neno, mwingine anatikisa kichwa, siyo hilo. Giza likaingia, hakuna aliyewasha taa. Na wa kuwauliza hawakuwa nao tena, wote wawili, wa makaburini na wa tunduni.